Garimoshi Lenye Jina la Jirani: Zaidi ya Nusu Karne ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi

Pembeni mwa stesheni kongwe ya Nairobi, kwenye uwanja wa injini zilizostaafu, imesimama injini ya mvuke namba 3020 yenye jina la Nyaturu. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa Wanyaturu ni nani. Ni watu wa Singida, mkoa unaopakana na Simiyu yetu upande wa kusini. Kwenye uwanja huo huo ziko injini nyingine mbili, kubwa mno, zinazoitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Mlima Gelai uko kando ya Ziwa Natron, na Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Upare. Majina yote matatu ni ya Tanzania, na yote matatu yametunzwa Kenya.

Namna yalivyofika huko ndiyo historia ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1971. Imekwisha kupita nusu karne, na kumbukumbu zake nyingi huandikwa kana kwamba ni mali ya Wakenya peke yao. Sivyo. Shirika lililoianzisha ndilo lililoendesha treni zilizopita Malampaka, na pamba ya Usukuma ni sehemu ya mizigo iliyolilisha.

Shirika moja, nchi tatu

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, wakati hapo hapakuwa na mji bali uwanda wenye maji, na Desemba 1901 ikaligusa Ziwa Victoria mahali panapoitwa Kisumu leo. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa kazi hiyo, na takriban 2,500 walikufa kabla reli haijafika ziwani.

Upande wetu Wajerumani walikuwa na yao. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam iliingia Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliongeza tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza, likafunguliwa mwaka 1928. Tawi hilo hukata pembe ya wilaya ya Maswa na kusimama Malampaka. Kwa watu wa Bariadi, Itilima na Maswa, hiyo ndiyo stesheni ya jirani. Reli haikufika Bariadi. Pamba ndiyo iliyoifuata reli, kwa lori, kutoka kwenye vinu vya kuchambulia.

Tarehe 1 Mei 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, pamoja na bandari na meli za maziwa, kuwa shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Jambo moja lilirahisisha muungano huo: Wajerumani na Waingereza, bila kukubaliana, walikuwa wametandika reli za upana uleule wa mita moja. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika na kuifunga Reli ya Kati na ile ya Tanga, ambayo ilikwisha kushikana na ya Kenya kupitia Kahe na Voi. Tangu hapo behewa lililopakiwa Mwanza liliweza kufika Mombasa, hata Kampala, bila kushusha mzigo.

Mwaka 1955

Injini nyingi zilizohifadhiwa Nairobi ni za kizazi kimoja, na mwaka wa kuukumbuka ni 1955. Ndio mwaka vyama vya ushirika vya pamba vya Usukuma vilipoungana kuwa Victoria Federation, na mavuno yalikuwa yakipanda msimu hadi msimu. Shirika la reli nalo lilihitaji nguvu mpya. Kiwanda cha North British cha Glasgow kilikuwa kimeunda injini 31 za kundi la 29, kisha kikaunda 26 za kundi la 30. Vulcan Foundry, Uingereza, wakaleta 46 za kundi la 31. Makundi haya matatu yalipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kundi la 30, ambamo Nyaturu imo, lilipewa tangi kubwa la maji nyuma yake kwa sababu lilikusudiwa safari ndefu za Tanganyika, ambako maji mazuri ya boila yalikuwa mbali kwa mbali. Yeyote aliyewahi kupita Shinyanga mwezi wa kumi anaelewa hesabu hiyo.

Mwaka huohuo zilianza kufika injini za kundi la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima. Muundo wake unaitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza aliyeubuni mwanzoni mwa karne ya 20: boila moja kubwa imebebwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili kamili za magurudumu na silinda, kila moja ikijipinda peke yake. Ndiyo maana chuma cha tani zaidi ya 250 na urefu wa mita 31 hivi kiliweza kukata kona za reli ya mita moja. Boila lenyewe lina kipenyo cha karibu mita 2.3, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyolibeba. Katika reli zote za mita moja duniani hakuna injini ya mvuke iliyozizidi hizi kwa nguvu.

Kazi yake ilikuwa Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530, kutoka usawa wa bahari mpaka mita 1,700 hivi juu yake. Zilivuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita 100. Zilichoma mafuta mazito badala ya kuni au makaa, maana hakuna mtu ambaye angeweza kulilisha tanuri la ukubwa ule kwa koleo.

Mwaka 1955 una tukio jingine, mbali na kwetu. Tarehe 17 Julai, huko Anaheim, California, Walt Disney alifungua bustani yake ya burudani ya Disneyland, na kuizunguka alitandika reli yenye upana wa milimita 914, nyembamba kidogo kuliko yetu. Injini mbili za mwanzo, C.K. Holliday na E.P. Ripley, hazikuwa chakavu zilizookotwa. Ziliundwa upya kwa ajili ya bustani hiyo, mvuke wa kweli, boila la kweli. Marekani wakati huo ilikuwa ikizitupa injini za mvuke kwa mamia na kununua dizeli. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mvuke ulikuwa na kazi mbili duniani: Afrika Mashariki ulipandisha mizigo kutoka bandarini, California ulizungusha watoto kwa njia isiyofika kilomita mbili. Wakati ule hakuna ambaye angebashiri kwamba kazi ya pili ndiyo itakayodumu.

1971: mtu wa daftari

Dizeli za njia kuu ziliingia Kenya mwaka 1960, na kuanzia hapo kila injini ya mvuke ilikuwa ikihesabu siku zake. Haja ya dizeli ni ndogo: haihitaji kuamshwa usiku wa manane ili iwe tayari asubuhi, wala haisimami kila mara kunywa maji. Injini za zamani zilianza kupangwa kwenye njia za pembeni zikingoja kukatwa na kuuzwa kwa uzito. Pamoja nazo vilikuwa vikipotea vitu vidogo, kama vile taa, kengele, vyombo vya mabehewa ya chakula, tiketi, ramani na vitabu vya safari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu wa daftari alikuwa Fred Jordan, aliyekuwa kwenye utumishi wa reli tangu mwaka 1927. Alikuwa ameona reli za kabla ya muungano na za baada yake, na alijua kitu kipi ni taka na kipi ni ushahidi. Yeye ndiye mwanzilishi wa makumbusho na mtunzaji wake wa kwanza. Makumbusho yalifunguliwa kwa umma mwaka 1971, chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, yaani mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

Uamuzi mmoja wa waanzilishi unastahili kusifiwa kuliko mingine. Hawakuyaweka makumbusho mjini katika jengo la fahari. Waliyaweka kando ya stesheni, na reli ya uwanja wao waliiunganisha na njia kuu. Injini iliyoingia pale iliingia kwa magurudumu yake, na ikipatikana sababu ingeweza kutoka vivyo hivyo.

Mwaka huohuo wa 1971, mwezi wa Oktoba, kampuni ya Disney ilifungua bustani ya pili, Florida. Safari hii haikuunda injini mpya. Mafundi wake walikuwa wamekwenda Mérida, Mexico, wakakuta injini kuukuu za kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia, zilizoundwa kati ya 1916 na 1928, ambazo zilikuwa zimefanya kazi katika rasi ya Yucatán. Walizinunua nne mwaka 1969, wakazikarabati Tampa, wakazipa majina mapya na kuzitia njiani. Florida na Nairobi zilianza na mali ya aina moja: chuma kilichomaliza kazi yake ya kwanza. Nairobi ilikihifadhi ili kionekane, Florida ilikitafutia abiria.

Vilivyomo

Anayeingia makumbusho hukutana kwanza na vyumba vya vitu vidogo. Humo kuna meza iliyotoka kwenye manowari ya Wajerumani Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Kuna pia kiti kilichofungwa mbele ya injini ili mgeni aketi na kutazama wanyama. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt alisafiri namna hiyo alipokuja kuwinda mwaka 1909.

Lakini kinachowavuta wengi ni behewa namba 12, na kisa chake ni cha kweli. Juni 1900 simba alikuwa akiwasumbua watu wa stesheni ya Kima, Ukambani. Ofisa wa polisi Charles Ryall alifika na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakaliegesha behewa lao njia ya pembeni ili wamvizie usiku. Ryall alishika zamu, usingizi ukamchukua. Simba aliingia kwa mlango. Parenti alikuwa amelala sakafuni, na mnyama alimkanyaga ili kumfikia Ryall kitandani. Huebner alikimbia kuokoa maisha yake. Simba akampitisha Ryall dirishani, akatoweka naye. Mtoto wa shule anayesimama mbele ya dirisha lile hupima kwa macho upana wake na ukubwa wa simba, na hapo somo la historia humwingia bila mwalimu.

Nje, uwanjani, ndipo penye injini. Zinazostahili kutazamwa pamoja ni tatu: 2921 iitwayo Masai of Kenya, 3020 Nyaturu, na 3123 Bavuma, yenye jina la watu wa visiwa vya Buvuma, Uganda. Kenya, Tanzania na Uganda zimesimama uwanja mmoja. Za milima ziko mbili tu kati ya zile 34: namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena. Nyingine zote, pamoja na zilizobeba majina ya Kilimanjaro na Mount Kenya, zilikatwa.

1977: kilichosahauliwa kugawanywa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ndege, meli, mabehewa na injini viligombaniwa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka. Kila nchi iliunda shirika lake la reli. Injini iliyokutwa upande fulani ilibaki huko. Injini za milima ziliondolewa kazini moja baada ya nyingine, na kufikia 1980 zilikuwa zimekwisha.

Katika ugomvi ule makumbusho hayakuwa na thamani ya kugombewa. Chuma cha zamani kisichotembea kilimfaa nani? Yakarithiwa na Shirika la Reli la Kenya kwa sababu yalikuwa Nairobi. Kwa hiyo ule uwanja ni moja ya sehemu chache ambako shirika la pamoja lilibaki zima, na Nyaturu hakutengwa na Bavuma. Wakenya walioutunza, mara nyingi kwa bajeti finyu, walitunza pia sehemu yetu. Shukrani hiyo haijasemwa vya kutosha upande huu wa mpaka.

Kuwasha moto upya

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ile njia ya kuunganisha uwanja na njia kuu ilidhihirisha thamani yake. Nyaturu na Mount Gelai zilikarabatiwa, zikawashwa, zikatoka na kuvuta abiria wa matembezi. Wapenzi wa garimoshi walikuja kutoka Ulaya kuzipanda. Wazee wa reli walikuja kuzisikia.

Kuwasha injini ya mvuke iliyolala si kama kuwasha gari lililokaa gereji. Ndani ya boila mna mabomba mengi yanayopitisha joto la tanuri katikati ya maji. Maji yakichemka, mvuke hukusanyika juu, hupelekwa kwenye silinda, husukuma pistoni, na vyuma virefu vya ubavuni huzungusha magurudumu. Chumvi ya maji hugandamana kwenye mabomba, na kutu hula bati kimyakimya. Kabla ya moto wowote boila hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kazi, ili penye udhaifu pavuje maji badala ya kulipuka mvuke. Likipita jaribio hilo, hupashwa taratibu kwa saa nyingi, maana bati lililotanuka kwa haraka hupasuka. Na wakati wa safari macho hayatoki kwenye kioo cha kiwango cha maji: maji yakishuka chini ya paa la tanuri, bati la paa huiva, hulegea, na hapo ndipo ajali za zamani zilipotokea.

Maarifa haya hayakai kwenye kabati la kioo. Hukaa kwenye mikono na masikio ya watu, na hurithishwa kwa kufanya. Bustani za burudani za Marekani zililielewa hilo mapema. Disneyland bado inaendesha injini iliyoundwa mwaka 1894, inayoitwa Fred Gurley. Tweetsie, bustani ya North Carolina iliyoanza mwaka 1957, inaendesha injini ya mwaka 1917 kwenye milima ileile iliyoizoea tangu zamani. Siri yao si utajiri peke yake. Injini inayotoka kila siku huhitaji fundi kila siku. Fundi huyo huhitaji msaidizi, na msaidizi wa leo ndiye fundi wa baada ya miaka kumi. Tiketi ya mtoto anayetaka kuzungushwa ndiyo inayolipa mshahara wa wote wawili. Injini inayotoka mara moja kwa miaka kadhaa hutegemea wazee, na wazee hawangoji.

Kuna mfano unaotugusa zaidi. Aprili 1998 Disney walifungua Florida bustani ya wanyama yenye mji wa kubuni unaoitwa Harambe. Nyumba zake zimeiga miji ya pwani yetu kama Lamu, na mabango yake yana Kiswahili. Kutoka stesheni ya Harambe huondoka treni ya upana wa milimita 914, na injini yake ina sura ya garimoshi la kikoloni. Ndani yake hakuna mvuke. Ni dizeli, imeundwa Uingereza mwaka 1997. Mamilioni ya watu wamepanda garimoshi la Afrika Mashariki ambalo si garimoshi na halikuwahi kuiona Afrika Mashariki, huku Mount Gelai, ambayo ni ya kweli, ikisubiri Nairobi. Hakuna sababu ya kuwalaumu Wamarekani kwa hilo. Wao waliona kwamba watu watalipa ili waipande hadithi yetu. Sisi ndio tuliokuwa na injini.

Deni la nchi tatu

Reli mpya zimekuja. Treni ya reli ya kisasa ilianza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Kwetu treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na kipande cha Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka 2021. Reli ya mita moja, ambayo bibi na babu zetu waliipandia Malampaka, inazidi kuonekana ya jana. Huu ndio wakati ambao makumbusho huwa na kazi kubwa, na ndio wakati ambao vyuma huuzwa kwa kilo.

Makumbusho ya Nairobi yana karibu kila kitu ambacho bustani ya Anaheim inacho: injini zenye majina, uwanja katikati ya jiji kubwa, na watoto wa shule wanaofika kwa mabasi. Disneyland inajitosheleza kwa njia isiyofika kilomita mbili, kwa hiyo urefu wa reli si kisingizio. Linalopungua ni mafundi wa boila walio vijana, na hilo haliwezi kuachiwa Kenya peke yake. Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na kila nchi ina vyuo vya ufundi na karakana za reli. Kundi dogo la vijana wa kuchomelea bati na kusoma kipimo cha mvuke, wachache kutoka kila nchi, wakifundishwa kwenye boila la Nyaturu na wazee waliobaki, lingetosha kuanzia. Injini ya kundi la 30 iliundwa kwa ajili ya Tanganyika. Hakuna ubaya Tanzania ikichangia fundi wa kuiwasha.